Chuki ya sauti: Hasira zinazozuka mtu akisikia mwenzake akitafuna

Mtoto anayeinuka mezani kwa hasira wazee wake wakiwa wangali wanakula huhesabiwa kuwa mtovu wa adabu. Hata hivyo, wapo watu ambao mlio wa mwenzao akitafuna, akifyonza chai au akivuta kamasi huwatia ghadhabu wasiyoweza kuizuia.

Hali hiyo huitwa misofonia. Jina hilo lilibuniwa mwaka wa 2001 na wataalamu Margaret na Pawel Jastreboff wa Marekani, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya chuki na sauti.

Anayeathirika hasumbuliwi na ukubwa wa sauti. Anaweza kustahimili ngurumo ya radi na honi za matatu, lakini akashindwa kuvumilia mlio hafifu wa kutafuna. Moyo humwenda mbio, misuli humkaza, na hamu ya kutoroka au kufoka humvaa. Baadaye hujilaumu, maana aghalabu wanaomuudhi ni watu awapendao.

Mwaka wa 2017, watafiti wakiongozwa na Sukhbinder Kumar wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichunguza ubongo wa watu 42, ambapo 20 kati yao walikuwa na hali hiyo. Walisikizwa mvua, vilio, na milio ya watu wakila na kupumua.

Vilio viliwakera wote. Lakini milio ya kula na kupumua ilipochezwa, sehemu ya ubongo inayounganisha usikivu na hisia ilichangamka kupita kiasi kwa wenye misofonia, na mapigo yao ya moyo yakaongezeka.

Utafiti mwingine wa Kumar na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2021, ulibaini kuwa kwa watu hao eneo la usikivu lina mafungamano makubwa zaidi na lile linaloongoza misuli ya uso, mdomo na koo. Yaani mwenzao akitafuna, ni kana kwamba anawaingilia mwilini.

Mara nyingi hali hii huanza utotoni au wakati wa kubaleghe, na hapo ndipo penye hatari. Mtoto asiyejua kueleza linalomsibu huadhibiwa, akajitenga na jamaa zake na kuanza kula peke yake. Viboko havimtibu.

Hakuna dawa maalumu ya misofonia. Hata hivyo, utafiti uliofanywa nchini Uholanzi ulionyesha kuwa ushauri nasaha unaolenga fikra na mienendo huwapa baadhi ya waathiriwa nafuu. Nyumbani, redio ikifunguliwa kwa sauti ya chini wakati wa mlo husaidia kufunika milio inayoudhi. Lakini kuziba masikio kutwa kucha kunaweza kumfanya mtu azidi kuwa mwepesi wa kukereka.

Kwa hivyo, kabla ya kumkaripia mwanawe, mzazi hana budi kumuuliza kwa upole: ni mlio gani huo unaokufukuza mezani?