Zungusha Boma Kabla ya Kupanda Mboga

Mkulima wa Garsen, umeteka maji ya Tana kwa ndoo mpaka sukuma wiki na kunde zikastawi. Kisha asubuhi moja unakuta mashina matupu. Usimlaumu jirani, mbuzi wake hulala zizini. Paa na pongo ndio hutoka vichakani usiku.

Dawa ni boma la miiba. Kata matawi ya mathenge, mti ulioletwa Bura miaka ya 1980 na sasa umetapakaa. Vaa viatu vigumu, maana mwiba wake hutoboa malapa. Ondoa maganda yote ya mbegu, usije ukajipandia adui mwingine. Panga matawi mashina ndani, miiba nje, upana wa hatua mbili. Pongo haruki asipoona pa kutua. Ziba chini, paa asipenye. Mlango nao uzibwe kwa miiba kila jioni.

Usitege waya, sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza. Kiboko hazuiwi na miiba: ukimsikia usiku, kaa nyumbani, na asubuhi upeleke habari kwa KWS. Mboga hupandwa tena, mtu hapandwi.