Likizo ya mwalimu katika kambi ya wavumbuzi wadogo

SHULE nyingi za Marekani hufungwa kati ya Juni na Agosti, lakini likizo hiyo ndefu si ya mapumziko kwa kila mwalimu. Wapo wanaoitumia kufundisha katika kambi za watoto za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, masomo ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yamejulikana kwa pamoja kama STEM.

Mojawapo ni Camp Invention, iliyoanzishwa mwaka 1990 katika jimbo la Ohio na taasisi inayowaenzi wavumbuzi, National Inventors Hall of Fame. Ijapokuwa huitwa kambi, watoto hawalali huko. Hukusanyika asubuhi katika shule ya jirani kwa wiki moja, na wanaowafundisha ni walimu wa eneo hilohilo.

Sababu ya kwanza ya mwalimu kujiunga haina siri: fedha. Mikataba ya walimu wengi nchini humo ni ya takriban miezi kumi.

Hata hivyo, kazi yenyewe humgeuza mwalimu kuwa mwanafunzi. Mtoto wa miaka minane hukabidhiwa bisibisi na redio mbovu, akaambiwa aifungue. Waya wa umeme huwa umekwisha kukatwa. Televisheni za zamani hazifai, kwani huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Vipuri vinavyopatikana, pamoja na maboksi na chupa tupu, ndivyo malighafi ya uvumbuzi wake.

Hapo ndipo ugumu huanza, nao ni ugumu wa kunyamaza. Gari la boksi linakataa kwenda. Mwalimu ameona tangu mwanzo kuwa gundi imeunasa mhimili wa magurudumu. Akisema, gari litakwenda lakini ugunduzi utakuwa wake. Akinyamaza mno, mtoto atakata tamaa na pengine kulia. Kwa hiyo huuliza tu ni kitu gani kinachogusa mhimili, kisha huondoka kwenda meza nyingine. Kwa mtu aliyezoea kuandika jibu ubaoni kengele isijemkuta, hilo si jambo dogo.

Shule zikifunguliwa, mambo hubadilika. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2002 iliagiza wanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane wapimwe kila mwaka katika kusoma na hisabati. Iliyoirithi mwaka 2015 haikuiondoa mitihani hiyo. Mwalimu mwenye ratiba hiyo mkononi hawezi kumwachia mtoto saa nzima ya kukosea.

Lipo pia suala la ada, ambayo katika kambi nyingi za aina hii hufikia mamia ya dola kwa wiki. Baadhi ya watoto hulipiwa na wafadhili. Wengine mwalimu huyo atawaona Septemba tu, darasani, mtihani ukiwasubiri.