Je, Wajua? Cheni Ikikwaruza Fremu, Kagua Gurudumu la Nyuma

Je, wajua kwamba cheni ya baiskeli inapokwaruza fremu, mara nyingi chanzo ni gurudumu la nyuma? Nati za ekseli zikilegea, kila unapokanyaga pedeli cheni huvuta upande wa kulia wa gurudumu mbele. Gurudumu huenda mshazari, cheni hulegea na kuanza kugusa fremu.

Geuza baiskeli juu chini, legeza nati zote mbili, vuta gurudumu nyuma hadi tairi likae katikati ya fremu, kisha kaza. Cheni ibonyee sentimita 1 hadi 2. Ikiwa bado inagusa, huenda washa ya ekseli upande wa cheni imepotea.

Vumbi nalo hulegeza cheni. Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, udongo ni wa majivu ya volkano. Vumbi lake hunata kwenye oili na kula pini, na cheni hurefuka. Pima viungo 24: cheni mpya ina milimita 305, ikizidi 308, nunua nyingine.

Ifute cheni vumbi kabla ya kuitia oili, nayo itakutumikia muda mrefu.