Fahamu: Jinsi sukuma wiki inavyoota kwenye gunia Nairobi

Katika mtaa wa Kibera hakuna nafasi ya shamba, ila gunia linatosha mlangoni. Kilimo hiki kilishika kasi baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, chakula kilipopanda bei na shirika la Solidarités la Ufaransa likawagawia wakazi miche.

Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi. Katikati husimamishwa mkebe usio na kitako, hujazwa kokoto, kisha huvutwa juu kidogo kidogo kadiri udongo unavyopanda. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo siri yenyewe, maana bila hiyo maji huishia juu na miche ya chini hunyauka. Ubavuni hutobolewa matundu ya sukuma wiki na spinachi. Juu hupandwa vitunguu au dania. Huchumwa majani ya chini tu, mmea ukaendelea kutoa.

Tangu 2015 kaunti ya Nairobi ina sheria inayotambua kilimo cha mjini. Ni hatua njema, lakini majitaka yanayotumiwa kumwagilia hubeba vijidudu, na udongo unaochotwa kando ya barabara waweza kuwa na madini ya risasi. Mkulima asiyemudu bei ya mtungi wa maji safi atamwagilia kwa yaliyopo. Kaunti ianzie hapo.