Kutazama ndege Tabora: Pa kusimama, saa nzuri na picha isiyoleta kesi

Tabora si Dar es Salaam, ambako ndege zinapishana kutwa nzima. Huku safari ni chache, kwa hiyo anayechelewa dakika 10 tu anaweza kukosa burudani ya siku. Haya ndiyo ya kujua kabla ya kutoka nyumbani.

Ndege yenyewe

Air Tanzania huja Tabora na Dash 8-400, ile ya panga boi. Ina viti 76 na injini mbili, kila moja na mapanga sita. Mabawa yako juu ya kiwiliwili, hivyo aliye chini anaona vizuri magurudumu yakichomoza chini ya injini.

Upepo kwanza

Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo, ili ielee vizuri hata kwa mwendo mdogo. Upepo ukitoka mashariki, inayotua itatokea magharibi. Moshi wa jiko au bendera vinatosha kuonyesha upande. Upepo ukigeuka, mtazamaji naye ahame.

Pa kusimama

*Nje ya jengo la abiria.* Ni pale wanaposubiri wapokea wageni. Ni karibu, na hakuna atakayeuliza unafanya nini.

*Barabara ya umma nje ya uzio.* Ni nzuri kwa kuona ndege ikishuka. Kuegemea uzio, kuupanda au kuziba geti ni kujitafutia matatizo.

*Kwihara.* Iko kilomita chache kusini magharibi mwa mji, kwenye Tembe la Livingstone. Hapa hakuna kuona matairi yakigusa lami. Ni anga tu, na historia. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 21 na kufika huku Juni 23, miezi mitatu njiani. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara kuanzia Machi hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Leo ndege ikitoka Dar moja kwa moja haifikishi saa mbili.

Saa nzuri

Asubuhi na jioni, jua likiwa mgongoni. Mchana joto hufanya hewa juu ya lami ichezecheze, na picha hutoka kama imepigwa ndani ya maji. Tena Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi, hivyo siku ya jua kali ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka.

Picha isiyoleta kesi

Kiwanja cha ndege ni eneo la ulinzi. Simu ikinasa askari, geti au mnara wa kuongozea ndege, maelezo yanaweza kuwa marefu. Njia salama ni kuomba ruhusa kwanza ofisi za Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA) uwanjani, na ukiambiwa acha, acha.

Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Tochi ya leza isielekezwe kabisa kwa rubani. Inampofusha wakati anaihitaji barabara.

Na mabaki ya chipsi yasiachwe pale. Huvuta kunguru na mwewe, na ndege mmoja wa manyoya akiingia kwenye injini, abiria 76 wako hatarini.

Ratiba hubadilika, hivyo ni vizuri kuicheki asubuhi ya siku hiyohiyo.