Mzee anatetemeka mkono, na moyoni je?

Leo naomba tuache kidogo mambo ya Simba na Yanga, tuongelee kitu ambacho kipo kwenye nyumba nyingi ila hakijulikani jina. Una babu au bibi ambaye mkono mmoja unatetemeka hata akiwa amekaa tu, anatembea kwa kuburuza miguu, sauti imeshuka na uso haucheki wala haununi? Nyumbani mnasema "uzee huo". Inawezekana ni uzee kweli. Inawezekana pia ni ugonjwa wa Parkinson, na kama ndio wenyewe, basi kutetemeka ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye mawazo, na hiyo inaweza kumwondoa mtu kabla ya ugonjwa wenyewe.

Ngoja nieleze taratibu. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali inayoitwa dopamini. Kwa mgonjwa wa Parkinson seli hizo zinakufa kidogo kidogo, na mwili unapoanza kuonyesha dalili tayari nyingi zimeshakufa. Daktari Mwingereza James Parkinson ndiye aliyeuandikia mwaka 1817, jina likabaki lake. Sasa watu wengi wanajua dopamini inaendesha mikono na miguu. Kumbe ndiyo hiyo hiyo inayompa mtu hamu: hamu ya kuamka asubuhi, ya kula, ya kupiga stori kijiweni. Ugonjwa unagusa pia kemikali nyingine zinazoshika hisia. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuingia kwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, hata kama watoto wanamtunza na chakula kipo. Wengine sonona inatangulia miaka kadhaa kabla mkono haujaanza kutetemeka. Kwa hiyo sio deko, na sio kukosa shukrani. Ni ugonjwa ule ule, umetokea mlango mwingine.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Haya, twende Hai, Kilimanjaro. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba na matokeo yakachapishwa 2008: katika watu 161,071 walipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Wachache, ndiyo, lakini asilimia 78 kati yao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote wanaumwa nini. Na hiyo ni Hai, jirani kabisa na hospitali ya KCMC! Sasa piga hesabu mwenyewe huku kwetu Kimali.

Upande wa kujiua, utafiti mkubwa wa Taiwan uliotoka 2021 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 35,000, ukaona hatari kwao ni karibu mara mbili ya watu wengine wa umri kama wao. Tuelewane hapo: wengi sana hawajiui. Muhammad Ali, ambaye alifika hadi Dar es Salaam mwaka 1980, aliambiwa ana Parkinson mwaka 1984 na akaishi nao mpaka 2016. Hiyo ni miaka 32. Lakini wale wanaofikia kukata tamaa mara nyingi wana sonona ambayo hakuna aliyeiona.

Na kwa nini haionekani? Kwanza uso. Misuli ya uso inakakamaa, mtu anakuwa kama amevaa kinyago, hujui kama amefurahi au analia ndani kwa ndani. Pili, dalili zinafanana: halali vizuri, hana hamu ya chakula, anaongea polepole. Zote mnazitupia kwenye uzee. Tatu ni hili la kwetu Usukumani. Mtu alikuwa analima ekari zake za pamba, anaswaga ng'ombe, neno lake linasikika. Leo kifungo cha shati anafungwa na mjukuu. Haongei, ila kichwani anasema mimi ni mzigo. Hilo neno "mzigo" likimtoka mdomoni, hata kwa utani, usicheke ukapita.

Kuna wagonjwa pia wanaoona vitu ambavyo havipo, watu wamesimama mlangoni au wadudu ukutani. Inaweza kuwa ugonjwa umekomaa, inaweza kuwa ni dawa. Hapo ndipo waganga wanapoingia na maneno ya kurogwa yanaanza. Kanda yetu hii inajulikana kwa vikongwe kuuawa kwa kuwa na macho mekundu tu, sembuse bibi anayetetemeka na kuongea na watu wasioonekana. Mimi nasema wazi, hapo mgonjwa anakuwa na hatari mbili, ya mawazo yake na ya majirani.

Halafu kuna sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Matokeo yake familia inaficha, wanaogopa polisi na aibu, na mgonjwa hapati msaada. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, Mahakama Kuu yao ikasema Januari 2025 kwamba kinapingana na katiba. Binafsi natamani na sisi tufike huko.

Sasa ufanye nini wewe kijana uliyelipia nusu saa hapo kafe? Muulize. Kaa naye pembeni, sio mbele ya wageni, umuulize kwa heshima: "Babu, siku hizi mawazo yanakuzidi? Kuna wakati unaona bora usingekuwepo?" Watu wanaogopa kwamba ukiuliza ndio unampa wazo. Sio kweli, wataalamu wameliangalia sana hili. Kuuliza kunampa mtu nafasi ya kutua. Akijibu ndiyo, usimhubirie. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali.

La pili, sumu za pamba. Kila nyumba huku inazo na zinalala uvunguni. Zitoeni ndani, zifungiwe kwa kufuli na ufunguo akae nao mtu mwingine. Sri Lanka walipopiga marufuku sumu kali za shambani, vifo vya kujiua vilishuka kwa asilimia 70 hivi ndani ya miaka 20. Wazo la kujiua mara nyingi linakuja kama wimbi na kupita, na mtu akikosa kitu karibu anapona.

Kuhusu dawa: ya Parkinson inayotumika zaidi ni levodopa, na mgonjwa asiiache ghafla hata akijisikia nafuu. Mmea wa upupu, huo huo tuliowashana nao shuleni, mbegu zake zina levodopa ya asili, ila msianze kumsagia mzee uji wa upupu, kipimo chake hamkijui. Sonona nayo ina dawa zake na ushauri nasaha. Mkifika kliniki ya afya ya akili semeni mapema kwamba ana Parkinson, maana baadhi ya dawa za huko, kama haloperido, zinaongeza kutetemeka na kukakamaa.

Kwa wa Simiyu, anzieni zahanati mpate rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa pale Bariadi. Ikishindikana, Bugando Mwanza wana idara ya magonjwa ya akili. Mkikwama kabisa pigeni 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.