Kulewa Bahari Si Woga

Ndugu mfanyakazi, siku zote u nchi kavu, kiwandani au shambani. Siku utakapovuka mkondo wa Pemba kwa jahazi wakati wa kusi, bahari huweza kukulevya. Usione haya. Nelson, jemadari wa manowari za Uingereza aliyeuawa Trafalgar mwaka 1805, aliandika mwenyewe kwamba kila upepo ulipovuma kwa nguvu aliugua.

Ndani ya sikio mna kiungo kinachopima mwendo wa mwili. Chombo kikiyumba, sikio husema tunakwenda. Macho yakitazama kuta za chumba husema tumetulia. Ubongo huchanganyikiwa, na kichefuchefu huanza.

Kinga huanza kabla ya safari. Lala vya kutosha, usinywe pombe. Kula chakula chepesi kisicho na mafuta mengi. Tumbo tupu nalo halifai. Vidonge vya kuzuia kutapika humezwa saa moja au mbili kabla ya kung'oa nanga, kwa ushauri wa daktari. Vingi huleta usingizi, basi mwenye kushika usukani au kamba ajihadhari.

Chomboni kaa katikati, penye mtikisiko mdogo na hewa safi, mbali na moshi wa mashine. Tazama upeo wa bahari, usisome. Ukitapika, tapika upande wa demani huku mwenzako amekushika, kisha unywe maji kidogo kidogo.

Nawe uliye mzima, usimcheke mgonjwa. Anayeachwa peke yake ukingoni huweza kuanguka baharini. Umoja wetu hauishii langoni mwa kiwanda.